Waya wa Printa Nyuma ya Kabati

Mwanangu,

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata nikiomba peke yangu. Siku ile kwa Mwalimu, kule Itumbe, ni mimi niliyevunja waya wa mwanga. Amplifaya yako haikuwa na kosa. Masikio yako hayakuwa na kosa. Nilivunja waya, nikaweka mwingine mahali pake, nikasukuma kabati likaufunika, na uliponiuliza nikasema sikugusa.

Nimeyaandika hayo kwanza ili nikiogopa katikati ya barua, yawe yameshaandikwa.

Huenda ukashangaa kuona neno "mwanangu" kwenye karatasi, ingawa nyumbani hakuna anayelishangaa. Nilipokuwa kidato cha kwanza, mwalimu wetu wa Kiswahili, aliyetoka mbali na huku kwetu, alitupa insha kuhusu familia. Niliandika: "Baba yangu huniita Baba." Akapiga mstari mwekundu, akaandika pembeni, "Fikiri kwanza." Darasa zima lilijua kwamba kwa Ekegusii "baba" ni mama. Wote walijua kwamba mtoto aliyepewa jina la nyanya yake huwa mama wa baba yake mzazi. Hakuna aliyemwambia, na mimi sikuweza kusimama. Nilikaa na ule mstari mwekundu. Kemunto ni jina la mama yako, aliyefariki kabla sijazaliwa, na tangu siku niliyopewa jina hilo mimi ni mama yako na wewe ni mtoto wangu.

Mama huligeuza kuwa mzaha. "Mama mkwe, leo ugali umekupendeza, ama nifungashe nirudi kwetu?" Tunacheka wote jikoni. Wewe tu ndiye ambaye hukuwahi kulifanya mzaha. Wewe uliamini, na hapo ndipo uchungu wangu unapoanzia.

Nimekuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Ekegusii sijawahi kukiandika zaidi ya mistari miwili. Na kwa sababu Kiswahili ndicho unachotumia na wateja. Nimekuona kibandani Keroka: mteja akianza kueleza redio yake inalia vipi, unaweka bisibisi chini na kumsikiliza mpaka amalize. Mimi nyumbani sikuwahi kusikilizwa hivyo. Leo naomba unisikilize kama mteja.

Sitakwambia habari za sweta wala za kupiga simu ukifika. Mama ameshasema, na kesho asubuhi atasema tena. Ni Sabato, saa nane mchana. Mmekwenda kanisani, wewe na yeye, kwa maombi ya kukuaga kabla ya safari yako ya kesho. Nimebaki nikisema kichwa kinaniuma. Hilo pia ni uongo, lakini nadhani ndio wa mwisho.

*

Unakumbuka ulivyonifundisha kupima sauti. Ulikuwa unafungua amplifaya mpaka mwisho bila muziki wowote, unanivuta mkono, unaniambia niweke sikio kwenye spika.

"Unasikia nini, Baba?"

"Sisikii kitu."

"Hicho kitu ndicho ninachouza."

Nilikuwa na miaka kumi hivi. Nilidhani unatania. Sasa najua kwamba mafundi wengine wa Keroka walikuwa wanauza kelele, nani ana spika ya kutikisa mabati, na wewe peke yako ulikuwa unauza kimya. Ndiyo maana Mwalimu alikuita.

Mwalimu alikuwa mzee wa kanisa, mwalimu mkuu aliyestaafu, na macho yalikuwa yamemwisha. Alikuwa na kaseti za kwaya na kaseti moja ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa: ya marehemu mke wake akiomba kwenye mkutano wa akina mama. Ulizigeuza zote zikaingia kwenye kompyuta. Ile moja uliikalia wiki tatu, unapunguza mchakacho wa mkanda kidogo kidogo usije ukafuta na pumzi za yule mama. Uliniita nisikilize. Aliomba kwa sauti ya chini sana, kama mtu anayeongea na jirani juu ya ua. Ulisema, "Huyu hatakiwi kupandishiwa sauti. Anatakiwa kupewa chumba chenye kimya."

Ndipo ukanichorea njia za kutoa sauti kwenye kompyuta na kuipeleka kwenye kile kisanduku kinachogeuza namba kuwa sauti. Ulichora kwenye boksi la biskuti. Njia ya kwanza ilikuwa bluetooth, isiyo na waya. Ulisema inaibana sauti ili ipite hewani, na ikibanwa na simu za watu inakatika. Ya pili ilikuwa waya wa USB. Huo ni shaba. Unabeba namba, lakini shaba haijui kukataa umeme, kwa hiyo unabeba pia uchafu wote wa kompyuta na kuumwaga kwenye amplifaya. Ya tatu ilikuwa waya wa mwanga: uzi wa plastiki, taa nyekundu upande huu, jicho upande ule. Umeme haupiti humo. "Huku wanasemezana kwa tochi," ulisema, "hawashikani mikono."

Niliitikia kwa kichwa, lakini ndani yangu nilikuwa nakudharau.

Nilipoanza kuandika makosa yangu, sikukusudia waya tu. Nilikuwa nimeazima kitabu maktaba ya shule, kimeandika kwamba namba za kompyuta ni sifuri na moja, na kwamba zikifika zimefika. Hazichujuki kama kaseti. Nilikisoma mara mbili. Nilikutazama ukichora kwenye boksi la biskuti, wewe uliyeishia darasa la nane, nikawaza: anaogopa vitu ambavyo kitabu kilishavimaliza. Sikusema. Mimi huwa sisemi. Watu husema nina heshima kwa sababu ninanyamaza, lakini wakati mwingine ninanyamaza kwa sababu nimeshajiona mshindi.

*

Ilikuwa Ijumaa, likizo ya Aprili. Tulikuwa tumefunga kila kitu kwa Mwalimu isipokuwa kabati. Jua lilikuwa linashuka, na unajua Ijumaa jua likishuka hatufungui tena mfuko wa vifaa mpaka kesho yake jioni. Ulikuwa umeacha kibanda Keroka wazi, umemwachia jirani akulindie. Ukaniambia, "Baba, pitisha waya wa mwanga nyuma, rudisha kabati, washa wimbo mmoja. Nakwenda kufunga, narudi kukuchukua."

Niliupitisha. Ulikuwa mfupi kidogo, nikaukunja kwenye kona ya kabati kama ninavyokunja kamba ya kuanikia nguo. Nikasukuma kabati. Nikasikia kitu kidogo, kama njiti ya kiberiti ikivunjika. Nilipochungulia, ile taa nyekundu haikutokea upande wa pili.

Wasichana wengine wangekaa chini wakasubiri. Mimi nilitazama dirishani, jua limebaki kidole kimoja juu ya mashamba ya chai. Waya ule wewe uliuagiza kutoka Nairobi. Kwenye droo ya Mwalimu kulikuwa na waya wa printa mbovu, USB, shaba. Nikauchomeka. Nikabadilisha kwenye kompyuta sauti ipite huko. Kwaya ikaimba, safi, na mimi nikatabasamu. Naomba ulijue hilo. Sikuweka ule waya kwa hofu tu. Niliuweka pia kuthibitisha kitabu changu. Nikasukuma kabati hadi ukutani, nikaweka waya uliovunjika ndani ya soksi yangu.

Ulirudi ukihema. "Sawa?"

"Sawa."

Kwaya ilikuwa inaimba kwa nguvu, watu arobaini. Nyuma ya watu arobaini huwezi kusikia kitu. Tukaenda nyumbani.

Kesho yake, baada ya ibada, Mwalimu alikuwa amewaita wazee wa kanisa na majirani. Sebule ilijaa. Mama alibeba chupa mbili za chai. Ulivaa lile koti la kijivu. Mwalimu akasema hataki kwaya kwanza, anataka mke wake. Ukabonyeza.

Yule mama akaanza kuomba kwa sauti yake ya jirani juu ya ua. Na nyuma yake, mvumo. Mmmm, bila kupumua. Alipotua, ndipo mvumo ulipojaa chumba.

Mwalimu aliinamisha kichwa upande mmoja. Macho hayakuwepo, lakini masikio yalikuwepo. Akasema polepole, mbele ya wote:

"Fundi. Mbona mke wangu anaomba akiwa ndani ya mzinga wa nyuki?"

Mtu mmoja alicheka. Mmoja tu, na akajizuia, lakini ilitosha.

Uliinuka kwenda nyuma ya kabati. Mzee mmoja wa kanisa akakushika mkono. "Leo ni Sabato, ndugu. Usifungue mitambo mbele ya watoto." Ukasimama katikati ya sebule na mikono mitupu. Ukanigeukia.

"Baba, uligusa waya?"

Watu wote wakanitazama.

"Sikugusa."

Ukamgeukia Mwalimu, na hapa ndipo huwa naamka usiku. Ukamwambia, "Huyu ni mama yangu. Mama yangu hakuwa mtu wa uongo. Kama hakugusa, basi ni amplifaya. Ni kazi ya mkono wangu."

*

Uliahidi kurudi Jumapili. Lakini mtoto wa Mwalimu alikuwa amelala hapo, na asubuhi alichomoa kila kitu. Ulipofika, amplifaya yako ilikuwa barazani ndani ya gunia la mbolea pamoja na kile kisanduku, nyaya za spika zimeviringwa kama utumbo. Juu ya meza ya Mwalimu kulikuwa na spika ndogo ya bluetooth. Hukuruhusiwa kuingia ndani kuangalia. Ulirudi na gunia mgongoni, na waya wa mwanga haukuwemo, ukadhani wameubakiza.

Na Keroka ilikuwa na neno jipya. Nilikuwa nawe Jumatatu hiyo, na vijana wa steji ya matatu walitungoja kama waliokuwa na miadi.

"Fundi Nyuki! Leo wameuma nani?"

"Fundi, asali iko? Nipimie nusu!"

"Usiguse hiyo redio, ina malkia ndani!"

Ulicheka nao. Uliniambia, "Wacha, watachoka." Hawakuchoka. Mama mmoja alileta redio yake, akasikia wakiita hivyo, akaiweka tena kwenye kikapu. Kanisa lilikuwa limekuahidi kazi ya kufunga mitambo yake mipya. Likamwita fundi mwingine.

Haya hayakuniumiza kama uliyokuwa ukiyafanya jioni nyumbani. Uliweka ile amplifaya juu ya meza, ukaifungua, ukatafuta kosa. Wiki ya kwanza ulibadilisha kapasita. Wiki ya pili ulisuka transfoma upya. Uliiwasha, ukaweka sikio, ukasikia kimya, na badala ya kufurahi ukasema, "Basi ni masikio. Siwezi tena kusikia mvumo hata ukiwepo." Ulikwenda Nyamira kwa daktari. Akakupima, akasema masikio ni mazima. Ukarudi ukasema daktari ni kijana, hajui.

Nami nilikuwa mezani hapo hapo, nafanya hesabu za likizo.

Naandika hili kwa hasira, mwanangu, na hasira si yote juu yangu. Kwa nini hukuniuliza mara ya pili? Mteja akikwambia redio ilijizima yenyewe, unamuuliza mara nne: ilianguka? ililoweshwa? mtoto aliichezea? Mimi uliniuliza mara moja, mbele ya sebule nzima, ukafunga jambo kwa sababu ya jina. Ungeniuliza tena jioni ile, sisi wawili, ningesema. Nimejiapia mara nyingi kwamba ningesema. Uliniamini kiasi kwamba hukunipa nafasi. Uliona ni rahisi kushuku mikono yako ya miaka ishirini, na masikio yako, na daktari, kuliko kumshuku msichana wa miaka kumi na sita aliyekuwa anatetemeka mbele yako. Ulikuwa unamwamini Kemunto mwingine, aliyezikwa chini ya migomba, na mimi nikajificha nyuma yake.

*

Likizo ya Agosti nilifanya jaribio. Wewe ulikuwa nje unakata majani ya ng'ombe. Nilichukua amplifaya, kile kisanduku, kompyuta yako ya zamani ya mapajani, na waya wa printa niliouazima shuleni. Kompyuta niliichomeka chaja kwenye soketi ya jikoni, amplifaya kwenye soketi ya sebule. Nikafungua sauti mpaka mwisho bila muziki.

Nyuki wakaja.

Nikachomoa chaja, kompyuta ikabaki na betri yake. Nyuki wakaondoka. Nikaichomeka, wakarudi.

Nilifanya hivyo mara tano. Nikatoa kitabu changu, nikasoma tena ule ukurasa, na nikagundua kwamba kitabu hakikuwa kimekosea. Namba zilikuwa zinafika zote. Kwa Mwalimu pia zilifika zote. Sauti ya mke wake ilifika nzima. Mvumo haukuwa ndani ya namba. Ulisafiri kando yake, kwenye shaba ile ile. Kompyuta ya Mwalimu ilikuwa kwenye umeme wa nyumba ya zamani, amplifaya kwenye umeme wa chumba kilichoongezwa, kila kimoja na waya wake wa ardhini. Mimi nikaviunganisha kwa waya wa printa, na umeme ukaona njia. Tangu siku hiyo nimesoma zaidi. Hata ule waya wa intaneti una vitransfoma vidogo kwenye ncha zake, ujumbe upite bila pande mbili kugusana. Watu waliotengeneza vitu hivi walijua jambo uliloniambia kwenye boksi la biskuti. Kitabu kilikuwa sahihi na wewe ulikuwa sahihi. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na makosa, kwa sababu nilichagua nani wa kumsikiliza kabla hajamaliza kusema.

Nilikuwa bado nimeshika chaja uliposimama mlangoni na panga.

"Baba, ni nini hiyo ilikuwa inalia?"

Ulisikia! Ulikuwa uani, na ng'ombe, na ulisikia. Ningekwambia hivyo tu, "Umesikia, masikio yako ni mazima," ungekuwa umepona nusu.

Nikasema, "Redio."

Kisha ukasema, "Nilidhani ni ile kelele yangu," ukarudi kwa ng'ombe.

Uongo wa kwanza ulikuwa wa hofu, na nadhani utanisamehe. Kwa huu wa pili sikuwa naogopa. Nilikuwa nimechoka kuwa mkosaji, na nilitaka niwe mwerevu siku moja zaidi. Wiki iliyofuata ulitoa meza yako kibandani. Mwezi uliofuata ukaanza kutafuta kazi ya ulinzi ng'ambo, na umeipata: miaka miwili, kulinda ghala jangwani. Mtu aliyekuwa akiuza kimya atalipwa kukaa ndani yake. Mama atachuma chai peke yake. Hakuna aliyelalamika. Wewe husemi, mimi sisemi, na nyumba yetu ina kimya ambacho fundi hakukitengeneza.

Kama mama yako angeazima mdomo wangu, sijui angekushauri nini. Mimi ninalo jambo moja tu, na nimelipata kwa kukuumiza. Huko uendako, mtu akikwambia "sikugusa," muulize tena. Hata akiwa na jina zuri, muulize tena, na umuulize mkiwa wawili.

*

Nilikuwa nimepanga kufumua bitana ya begi lako na kushona barua hii ndani, uikute huko baada ya miezi. Nilishafumua. Nilikaa na sindano mkononi nikaona kwamba huo ungekuwa tena waya nyuma ya kabati. Nikaacha.

Saa kumi nilitembea hadi kwa Mwalimu. Alikuwa peke yake sebuleni. Siku hizi miguu haimruhusu kufika kanisani. Nilisema jina langu, nikamweleza kila kitu nikiwa nimesimama, nikaweka waya uliovunjika kiganjani mwake. Aliupapasa mpaka akafika pale ulipovunjika, akapabonyeza kwa kucha.

"Kwa hiyo mzinga ulikuwa wako."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Hiki kispika cha kijana wangu kinanikatia maombi kila mtu akipita na simu. Mke wangu anasema Baba yetu uliye, halafu kimya, halafu milele amina." Hakucheka. "Baba yako anaondoka lini?"

"Kesho asubuhi."

"Umechagua siku."

Alinirudishia waya. "Mimi nilimwaibisha mbele ya watu," alisema. "Hilo ni langu, usilibebe. La kwako lipeleke kwake leo. Usilipitishe kwangu."

Nimerudi nyumbani saa kumi na mbili kasoro. Nimengoja mezani jua lizame, kwa sababu sikutaka upate kisingizio cha Sabato, wala mimi. Lilipozama nikaleta amplifaya, kisanduku, kompyuta, waya wa printa. Chaja kwenye soketi ya jikoni, amplifaya kwenye soketi ya sebule. Niliposikia sauti zenu kwenye njia ya migomba nikafungua mpaka mwisho.

Ulisimama uani. Mama alisema, "Kuna nini?" Ulivua kofia, ukaingia, ukaniuliza, "Baba, ni nini hiyo inalia?"

Nikachomoa chaja. Mvumo ukakatika.

Nikachomeka. Nikachomoa. Kisha nikakupa waya wa mwanga uliovunjika, nikasema, "Niligusa."

Mistari hii ya mwisho naiandika ukiwa umekaa mbele yangu na ule waya, unaupeleka kwenye taa, unachungulia ncha moja na nyingine. Mama amesimama mlangoni na viatu vyake mkononi. Hujaniita Baba wala jina lingine lolote. Sasa nakunja karatasi, naisukuma upande wako wa meza.